Anayeshangilia Naye Ana Kazi

Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi na vikundi vya mazoezi vya Lukenya, Kaunti Ndogo ya Mavoko



Lukenya panajulikana kwa watu wa miguu na watu wa baiskeli. Magari kutoka Nairobi huegeshwa chini ya kilima wikendi, na wapanda miamba wa Mountain Club of Kenya wameyazoea majabali yake tangu zamani. Waendesha baiskeli nao hupenda huku kwa sababu nyanda za Kapiti ziko wazi na macho yanafika mbali. Kinachokosekana ni maji. Hakuna ziwa Lukenya. Anayetaka kuogelea huenda kwenye bwawa la hoteli au la taasisi, tena kwa kulipa. Basi mtu wa hapa anayetamani triathloni, yaani mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia mfululizo bila saa kusimamishwa, analazimika kuanza na lile asilolizoea.

Mazungumzo haya hayamhusu bingwa. Bingwa ana kocha na daktari wake. Yanamhusu mwanamichezo wa ridhaa: mwalimu, muuguzi wa zamu, mwenye hadiwea pale Athi River, mama aliyemaliza kulea na sasa anataka kujua mwili wake unaweza nini. Na zaidi yanawahusu wale watakaosimama kando ya njia kumshangilia. Hao hawaelezwi chochote. Huambiwa tu waje, na wabebe chakula.

Kwanza vipimo, ili kila mtu ajue anachokitazama. Mbio fupi, ziitwazo sprinti, ni mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za kukimbia. Zile za Olimpiki, zilizoanza kushindaniwa katika Michezo ya Sydney mwaka 2000, ni mara mbili ya hapo: kilomita 1.5, 40 na 10. Ziko pia ndogo zaidi, mita 400, kilomita 10 na kilomita 2.5, na hizo ndizo zinazomfaa anayeanza, hata kama marafiki zake watamcheka. Katika bwawa la mita 25, mita 750 ni kulivuka mara 30. Wa ridhaa hupangwa kwa marika ya miaka mitano mitano, kwa hiyo mama wa miaka 52 hashindani na kijana wa chuo. Anashindana na wenzake wa miaka 50 hadi 54, na mara nyingi wako wachache kiasi kwamba akimaliza tu ana nafasi ya medali.

Mchezo huu ulizaliwa ukiwa wa familia. Tarehe 25 Septemba 1974, katika ghuba ya Mission Bay, San Diego, Marekani, chama kimoja cha wakimbiaji kiliandaa mbio zilizowavuta watu 46. Kuogelea kuliwekwa mwishoni, jambo ambalo leo waandalizi wachache wangelithubutu. Giza likaingia wengine wakiwa bado majini, na magari yakawashwa taa kuelekea ghubani ili waogeleaji wauone ufuo. Kati ya washiriki walikuwemo John Collins, mkewe Judy na watoto wao. Zaidi ya miaka mitatu baadaye, tarehe 18 Februari 1978, mume na mke hao ndio walioanzisha mbio ndefu za Ironman huko Hawaii.

Siku hiyo ya Hawaii inastahili kusimuliwa kwa kirefu, maana somo lote la mshangiliaji limo humo. Washiriki walikuwa 15. Hapakuwa na meza za maji njiani. Kila mmoja alitakiwa aje na watu wake wa kumhudumia. John Dunbar, mwanajeshi wa majini, alikuwa miongoni mwa waliotazamiwa kushinda. Lakini katika marathoni ya mwisho watu wake waliishiwa na maji, na walichobaki nacho garini ni bia. Wakampa bia. Gordon Haller akampita, akashinda kwa saa 11, dakika 46 na sekunde 58, na Dunbar akawa wa pili. Kumi na wawili ndio waliomaliza. Watu husimulia kisa hiki wakicheka, lakini tazama kilichotokea: rafiki zake walimpenda, walikuwepo, walipiga kelele, na bado walimwangusha kwa sababu hawakujiandaa kwa kazi waliyopewa.

Sasa turudi majini, kwa sababu hapo ndipo hatari ilipo.

Ukambani hakujawahi kupungukiwa na wakimbiaji. Patrick Makau, mzaliwa wa Machakos, aliweka rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin tarehe 25 Septemba 2011, saa 2:03:38. Cosmas Ndeti, naye wa Machakos, alishinda Boston mara tatu mfululizo, 1993, 1994 na 1995, na ule ushindi wa kwanza ulimkuta mwanawe akiwa na siku chache tu tangu azaliwe. Akampa jina Boston. Kwa hiyo mapafu yapo, na moyo upo. Lakini mbio hazimfundishi mtu kuelea. Mkimbiaji mzuri mwenye miguu mizito na mafuta kidogo mwilini huzama upesi kuliko jirani yake mwenye kitambi, na huaibika sana, kwa sababu amezoea kuwa wa kwanza.

Madaktari wa Marekani walichapisha mwaka 2017 uchunguzi wa vifo na mishtuko ya moyo katika triathloni za nchi yao kuanzia 1985 hadi 2016. Matukio yalikuwa 135, na 90 kati yake yalitokea mtu akiwa anaogelea. Wengi walikuwa wanaume, na wastani wa umri ulikuwa karibu miaka 47. Ukilinganisha na mamilioni ya washiriki wa miaka hiyo yote, hatari si kubwa. Lakini haikugawanyika sawasawa: iko majini, na inamtafuta baba wa makamo aliyerudi mazoezini baada ya miaka 20 ya kukaa ofisini na kula nyama choma. Huyo ndiye anayepaswa kuonana na daktari, apimwe shinikizo la damu na moyo, kabla ya kulipa ada ya kushiriki.

Hapa familia ina sauti kuliko kocha. Mke anajua kwamba mumewe amekuwa akishika kifua akipanda ngazi. Kaka anajua kwamba ndugu yake alijifunza kuogelea wiki sita zilizopita, na bado hugusa ukingo wa bwawa kila baada ya mita 25. Wakinyamaza kwa sababu hawataki kumvunja moyo, wamemshangilia vibaya. Kumwambia mtu mzima, tena mbele ya wenzake, aahirishe hadi msimu ujao ni kazi ngumu, na inahitaji heshima: aitwe pembeni, aambiwe na mkubwa anayemsikiliza. Na mtu akitoka majini katikati ya mbio akasema imetosha, apokewe kwa taulo na chai. Asiulizwe kwa nini.

Bwawa la Lukenya mwezi Julai asubuhi si la mchezo. Eneo hili liko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na majira ya baridi maji yasiyopashwa moto humkata mtu pumzi ghafla. Aingie polepole, alowanishe uso, apumue hadi pumzi itulie, ndipo aanze. Mwandalizi makini huwatoa waogeleaji mmoja mmoja au wachache wachache, wenye kasi mbele, na huweka waokoaji waliofunzwa pande zote za bwawa, wasiofanya kazi nyingine yoyote. Mzazi akimwona mwokoaji anapiga picha za washiriki kwa simu, amwendee mwandalizi papo hapo.

Mtu akionekana anazama, jamaa asijitose. Waliozama wakijaribu kuokoa ni wengi. Amwite mwokoaji, amnyooshee mti au amrushie chochote kinachoelea. Mrushie, usimrukie. Akishatolewa na hapumui, aliyefunzwa humpulizia pumzi kwanza, kisha humkandamiza kifua kwa mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha kama sentimita 5, huku mwingine akipiga simu 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Ni vyema kila familia yenye mshiriki iwe na mtu mmoja aliyepata mafunzo hayo. Hayatumiki kwenye michezo pekee.

Kwa kweli kujifunza kuogelea kungepaswa kusukumwa huku hata kama triathloni isingekuwepo. Tarehe 4 Desemba 2021, katika kaunti jirani ya Kitui, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilizama katika mto Enziu karibu na Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Hakuna anayeweza kusema kuogelea kungewaokoa waliokuwa ndani ya basi. Lakini nchi kavu kama Ukambani hujidanganya kwamba maji si jambo lake, hadi mvua inaponyesha na mto wa mchanga ukajaa kwa saa moja. Umoja wa Mataifa umetenga tarehe 25 Julai kila mwaka kuwa siku ya kuzuia vifo vya kuzama. Baba anayejifunza kuogelea kwa ajili ya medali, na Jumamosi inayofuata akaja na watoto wake wawili bwawani, ameifanyia nyumba yake jambo kubwa kuliko medali.

Baada ya maji ni baiskeli, na huku Lukenya baiskeli maana yake ni upepo na malori. Barabara kuu ya Mombasa inabeba saruji, mafuta na makontena usiku na mchana. Iko chini ya mamlaka ya barabara kuu za kitaifa, KeNHA, wala kaunti haina uwezo wa kuifunga kwa ajili ya mbio. Waandalizi wasipange kuitumia kwa matumaini kwamba madereva wataona bendera. Njia za ndani ndizo zinazofaa, mizunguko mifupi inayorudiwa, polisi wa trafiki wakiwa wameshaarifiwa na wakazi wa njia hiyo wakiwa wameambiwa siku kadhaa kabla. Bodaboda wa kila stendi waambiwe pia, tena kwa heshima na mapema, kwa kuwa wao ndio watakaokutana na waendesha baiskeli kwenye kona. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba, udongo mweusi wa nyanda hizi hugeuka gundi. Gurudumu huukusanya hadi likakataa kuzunguka. Mbio zipangwe miezi mikavu.

Baiskeli ya bei si lazima. Baiskeli ya mitumba yenye breki zinazoshika inatosha, na hata blackmamba ya kubebea mitungi ya maji itafika, ingawa itafika imechoka. Kisicho na mjadala ni helmeti. Kanuni ya mchezo huu inataka ukanda wa helmeti ufungwe kabla mtu hajaigusa baiskeli, na usifunguliwe hadi baiskeli irudishwe mahali pake. Watazamaji wengi hushangaa kuona mtu aliyetoka majini mbio akisimamishwa na mwamuzi kwa sababu ya kifungo kimoja. Asionewe huruma ya kelele. Mwamuzi yuko sawa.

Hapo ndipo watu wanaopenda huvunja kanuni bila kujua. Mshiriki haruhusiwi kupewa msaada na mtu wa nje. Mama akimkimbilia mwanawe na chupa ya maji, mwanawe anaweza kuadhibiwa. Maji huchukuliwa kwenye meza rasmi. Rafiki haruhusiwi kukimbia kando yake kumpa mwendo, wala kumfuata kwa pikipiki akimwekea muziki. Eneo la kubadilishia, zinakopangwa baiskeli na viatu, ni la washiriki na waamuzi tu, hata kama mtoto analia anamtaka baba. Na wale wenye filimbi za ngoma, ambazo Wakamba wanajua kuzipuliza kuliko mtu yeyote, wazihifadhi hadi watu wote watoke majini. Bwawani filimbi ni lugha ya mwokoaji. Njiani na mwishoni zipigwe hadi Konza isikie.

Kuhusu maji ya kunywa, kuna imani kwamba kadiri mtu anavyokunywa ndivyo anavyosalimika. Uchunguzi wa wakimbiaji 488 wa marathoni ya Boston ya mwaka 2002 ulionyesha kwamba asilimia 13 walimaliza chumvi ya damu ikiwa imeshuka kupita kiasi, na kunywa kupita kiasi ndiko kulikohusika zaidi. Anayemaliza mbio akiwa amechanganyikiwa, anatapika na kichwa kinamuuma asilazimishwe kunywa chupa nyingine. Apelekwe kwa mhudumu wa afya.

Maneno ya kushangilia nayo yana uzito. "Umebakisha kidogo" ni uongo unaotamkwa katika kila mbio za Kenya, na mwenye kuusikia akiwa na kilomita tatu mbele huumia mara mbili. Aambiwe ukweli: "Kilomita tatu, mlima mmoja." Aitwe kwa jina lake. Watoto waandike bango lenye jina la mama, maana kuna watu hawajawahi kuona jina lao limeandikwa kwa herufi kubwa isipokuwa kwenye kadi ya mchango. Washangiliaji wasijazane mwishoni peke yake. Sehemu yenye upweke ni ile kilomita ya kwanza ya kukimbia, mtu anaposhuka baiskeli na miguu inakataa kumtii, kana kwamba ni ya mtu mwingine. Wawili watatu wakisimama hapo wanafaa kuliko hema zima la jamaa mstari wa mwisho.

Kuna jambo la nyumbani ambalo halisemwi kwenye matangazo. Mazoezi ya michezo mitatu hula muda: bwawa Jumanne, baiskeli Jumamosi tangu alfajiri, mbio ndefu Jumapili kabla ya ibada. Muda huo unatoka mahali. Unatoka kwa mwenzi anayebaki kuvalisha watoto, kwa mama mzazi aliyetarajia msaada wa kupalilia shamba kule Mwala, kwa chama ambacho mwenyekiti wake haonekani tena. Siku ya mashindano watu hao huja kushangilia mafanikio ambayo wao ndio walioyagharamia, na ni haki yao kuulizwa mapema, si kuarifiwa. Nyumba nyingine hupata dawa rahisi: zamu. Msimu huu anashindana baba, msimu ujao anashindana mama naye baba ndiye anayebeba taulo. Au wanagawana, mmoja anaogelea, mwingine anaendesha baiskeli, kijana wao anakimbia. Mbio za kupokezana ni sehemu halali ya mchezo huu, na kwa familia ambayo ina mwogeleaji mmoja tu ndiyo njia bora ya kuanza.

Wala umri usiwe kisingizio cha kumfungia shosho hemani. Sista Madonna Buder, mtawa wa Kikatoliki wa Marekani, alianza kukimbia akikaribia miaka 50 kwa ushauri wa padri, na mwaka 2012 alimaliza Ironman ya Kanada akiwa na miaka 82. Kwa aliye karibu na nyumbani na anayetaka kuona mbio kubwa kwa macho yake, Rubavu nchini Rwanda, kando ya ziwa Kivu, ilipokea mbio za Ironman 70.3 mwezi Agosti 2022: kilomita 1.9 majini, 90 za baiskeli na 21.1 za miguu. Ni safari ya basi, ndefu lakini inawezekana.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka michezo na viwanja vya burudani mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo kikundi kinachotaka kuandaa mbio Lukenya kianzie kwa ofisi ya wadi na idara ya michezo, kikiwa na ramani ya njia, majina ya waokoaji na vyeti vyao, mpango wa ambulensi, na barua ya polisi. Hospitali ya Machakos Level 5 iko mjini Machakos, si hapa mlangoni. Mpango wa ambulensi uonyeshe itapita njia ipi ikiwa njia ya mbio imefungwa.

Mwisho ni kuhusu mtu wa mwisho. Huko Hawaii muda wa kumaliza ni saa 17, na ni desturi kwa washindi, wakiwa wameshaoga na kula, kurudi usiku kwenye mstari wa mwisho kuwashangilia wanaofika dakika za mwisho. Lukenya haina haja ya kungoja usiku. Lakini hema zisikunjwe, spika zisizimwe na magari yasianze kutoka kabla mshiriki wa mwisho hajavuka mstari, kwa kuwa njia ya magari kutoka na njia yake ya kuingia huenda ni moja. Chupa na mifuko ikusanywe kabla upepo wa alasiri haujaanza; ukiianza wenyewe, takataka zote zitakuwa Kapiti.